Mpira wa Mdomoni

Ule wa kona kwa kona niliuingiza.
Ule wa kugonga ubao mara mbili, ukapenya
kati ya mipira miwili kama mbuzi kati ya miiba,
niliuingiza, na Majengo yote ikapiga kelele,
hata muuza karanga akatua sinia chini.

Meza ya Mama Sechelela, nyuma ya soko,
chini ya bati lenye matundu ya misumari ya zamani.
Julai. Upepo wa Dodoma unasukuma vumbi mlangoni,
kitambaa cha kijani kimekuwa kahawia kabla ya saa kumi.
Fainali. Zawadi ni beberu,
amefungwa kwenye nguzo ya umeme, anatafuna boksi la sabuni.

Nikabaki na mweusi tu.
Chilewa, kijana wa Nkuhungu, mshona viatu,
alikuwa bado na mitatu. Amekaa juu ya kreti,
stiki ameilaza magotini
kama mtu anayesubiri kupewa pole.

Na mweusi ulikuwa wapi?
Mdomoni. Nusu yake imeshaingia shimoni,
nusu inachungulia nje.
Mtoto angeupuliza ukazama.

Hapo ndipo nilipoondoka.
Sikuondoka kwa miguu. Miguu ilibaki,
mkono ulibaki, jicho nalo lilikuwa wazi,
ila mwenye nyumba alishatoka:
yuko Kizota, anachinja beberu,
paja kwa shemeji Mazoya, utumbo kwa wale wa gereji,
anajiuliza kama chumvi ipo,
anapokea simu ya kaka yake wa Manyoni:
ndiyo, ni mimi, nimeshinda.

Sikupaka chaki. Ya nini?
Sikuvuta ile pumzi moja ninayovuta siku zote
mpira ukiwa mbali.
Mpira wa mbali hukukamata kola,
hukwambia: nitazame.
Wa karibu hausemi kitu.

Nikasikia tok.
Mweusi ukagusa pembe hii, ukagusa pembe ile,
ukarudi nyuma shubiri moja, ukatulia
kama mgeni aliyebadili mawazo kizingitini.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Chilewa akainuka, akajikung'uta suruali.
Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, taratibu.
Kisha ule mweusi, uleule, rahisi vilevile:
akauzunguka mara mbili,
akachuchumaa kuutazama usawa wa jicho,
akaipaka stiki chaki kana kwamba mpira uko Singida
na yeye yuko hapa.

Beberu aliondoka akilia, kuelekea Nkuhungu.

Bibi yangu kule Mvumi, akipepeta uwele,
hakuwahi kutuvunja jino kwa ungo wa kwanza.
Wa kwanza aliukagua kama karani wa mahakama.
Jiwe lilitoka kwenye konzi ya mwisho,
maji yameshachemka, mlenda umeshaiva,
naye tayari anatuita tunawe.
Nina pengo hapa, kushoto. Nililisahau miaka mingi,
usiku ule ulimi ulilitafuta wenyewe.

Asubuhi nilirudi. Mama Sechelela anafagia vizibo.
Nikatumbukiza mia mbili, nikauchagua mweusi,
nikauweka palepale, mdomoni.
Ukaingia.
Meza ile ikishameza hairudishi,
inataka sarafu nyingine.
Nikatoa. Ukaingia. Nikatoa.
Mara ya saba mama akaegemea ufagio,
akaniuliza natafuta nini humo.

Nikapapasa mfuko, nikatoa nyingine.
Mia mbili kila mara,
kujifunza kitu nilichokuwa nakijua.